Nusu Saa ya Kometi Juu ya Mbebe

Jumanne, 15 Oktoba 2024, jua lilizama Mbebe karibu saa 12 na dakika 40 jioni. Kometi Tsuchinshan–ATLAS, ambayo wakati huo ilikuwa kiasi cha digrii 27 juu ya upeo wa magharibi, ililifuata jua kwenye saa 2 na nusu usiku. Kati ya kuzama kwa jua na kuzama kwa kometi kulikuwa na saa moja na dakika hamsini hivi. Ondoa dakika ambazo anga lilikuwa bado jeupe mno kuruhusu mkia kuonekana. Ondoa tena zile za mwisho, kometi ilipokuwa imezama ndani ya moshi na vumbi la mwisho wa kiangazi. Anachobakiwa nacho mpigapicha ni nusu saa, au zaidi kidogo. Picha nzuri ya kometi iliyo chini jioni hupatikana au hupotea ndani ya nusu saa hiyo, na anayeipata ni yule aliyepiga hesabu za mahali pake kabla ya kugusa kamera.

Mbebe ni kata ya Wilaya ya Ileje mkoani Songwe, nchi ya vilima na kahawa, Malawi ikiwa ng'ambo ya Mto Songwe. Iko kama digrii 9 na nusu kusini mwa ikweta. Namba hiyo ndogo ina uzito kuliko bei ya lenzi. Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, kama jiwe lililoachiwa kutoka mkononi, kwa hiyo giza huingia upesi. Katikati ya Oktoba, tangu jua kuzama Mbebe hadi anga kuwa jeusi kabisa hupita takriban dakika 70. London, siku hiyohiyo, ni karibu saa moja na dakika 50.

Kabla ya kwenda mbali, neno moja lisafishwe. Mkoani Songwe neno kimondo lina mwenyewe: ni lile pande la chuma la takriban tani 16 lililoko Ndolezi, wilayani Mbozi, lenye urefu wa mita 3 hivi, ambalo ulimwengu wa sayansi ulilifahamu mwaka 1930. Kimondo ni jiwe au chuma kinachoingia katika hewa ya dunia; kikiwaka, huonekana kwa sekunde chache na kupotea. Kometi, ambayo wazee huiita nyota yenye mkia, ni donge la barafu na vumbi linalozunguka jua mbali nasi. Haipiti mbio machoni. Husimama angani usiku baada ya usiku, ikihama taratibu kati ya nyota, na ndiyo sababu mtu anaweza kupanga safari ya kwenda kuipiga picha.

Tsuchinshan–ATLAS ilitoa nafasi ya kupanga kwa zaidi ya mwaka mmoja. Iligunduliwa Januari 2023 na kituo cha uangalizi cha Purple Mountain cha China, kisha mwezi uliofuata ikaonekana tena na darubini ya mradi wa ATLAS iliyoko Sutherland, Afrika Kusini. Ndipo yakaunganishwa majina mawili. Tarehe 27 Septemba 2024 ilipita karibu kabisa na jua, umbali wa kilomita milioni 58 hivi. Siku za mwisho za Septemba ilikuwa kometi ya alfajiri. Ikapita upande wetu wa jua, ikamezwa na mwanga wake kwa siku chache, na kuanzia tarehe 11 na 12 Oktoba ikatokea upande wa machweo. Tarehe 12 ndiyo siku iliyokaribia dunia zaidi, kilomita milioni 71 hivi. Tangu hapo kila jioni ilipanda juu zaidi na kila jioni ikafifia. Mpigapicha alikuwa kati ya mambo mawili yanayovutana: jioni za mwanzo kometi ni angavu lakini imebanwa na mwanga wa jua, jioni za baadaye anga ni jeusi lakini kometi imepungua nguvu. Tarehe 14 na 15 mizani ilikaa vizuri.

Miongozo mingi iliyosambaa kwenye simu wiki hiyo ilisema: itafute kometi kati ya Zuhura na nyota Arcturus. Kwa msomaji wa Ulaya au Marekani ulikuwa ushauri mzuri. Kwa aliyesimama Mbebe ulikuwa ushauri mbovu, na hapa ndipo hesabu ya mahali inapolipa. Arcturus iko kaskazini mno. Kwa latitudo ya Ileje, tarehe 15 Oktoba, nyota hiyo ilizama karibu saa 1 na dakika 20 usiku, anga likiwa bado na wekundu. Aliyesubiri giza liingie ndipo aitumie kama alama, hakuikuta.

Alama ya kuaminika ilikuwa Zuhura peke yake. Jioni hiyo iling'aa kusini-magharibi kuliko nyota yoyote ya angani. Kwenye saa 1 na nusu usiku ilikuwa digrii 22 hivi juu ya upeo. Nyoosha mkono, kunja ngumi: upana wa ngumi ni takriban digrii 10. Kutoka Zuhura, ngumi mbili na kidogo kwenda kulia na kushuka kidogo, ndipo kichwa cha kometi kilipokuwa, kama digrii 15 juu ya upeo, karibu magharibi kabisa, jirani na lile rundo la nyota ambalo wanaanga huliita M5. Zuhura ilikuwa na kazi ya pili muhimu vilevile: kurekebisha fokasi. Kamera haiwezi kujifokasi yenyewe kwenye ukungu wa mwanga. Lakini ukiielekeza Zuhura, ukakuza taswira kwenye kioo cha nyuma na kuzungusha pete ya lenzi hadi sayari iwe nukta ndogo kabisa, kisha ukaacha pete hapohapo bila kuigusa tena, kazi ya fokasi imekwisha kwa usiku mzima.

Sasa hewa. Mwanga unaotoka utosini hupita unene mmoja wa angahewa. Kitu kikiwa digrii 15 juu ya upeo, mwanga wake hupita karibu mara 4 ya unene huo. Kikiwa digrii 10, mara 5 na nusu. Kikiwa digrii 5, zaidi ya mara 10. Hata kwenye hewa safi ya milimani, kushuka hadi digrii 5 hupunguza mwanga ukabaki sehemu ndogo tu ya ule uliofika nje ya angahewa. Rangi nayo hugeuka: buluu hutawanyika, kinachofika ni chenye wekundu. Kwa hiyo dakika za kati ya saa 1 na nusu na saa 2 kasoro zilikuwa na thamani kubwa kuliko zilizofuata. Kometi ilishuka digrii 15 kwa kila saa, yaani digrii moja kila dakika 4. Mtu aliyepoteza dakika 20 akitafuta stendi ndani ya gari alipoteza digrii 5, na katika kimo kile digrii 5 ni mali.

Hesabu hizo ni za hewa safi. Oktoba mkoani Songwe hewa si safi. Mvua za nyanda hizi huanza kwa kawaida Novemba, na kabla yake wakulima huandaa mashamba. Moto huwashwa, vumbi hupanda barabarani, na jioni hewa inapopoa moshi hutuama mabondeni kama maziwa ndani ya bakuli. Aliye chini bondeni huutazama moshi huo kwa ubavu, unene wake wote. Aliyepanda kilimani huuacha chini yake. Kupanda mita mia moja au mbili ni kazi ya miguu tu, na kwa kitu kilicho digrii 10 juu ya upeo huleta tofauti ambayo hakuna programu ya kompyuta itakayoirudisha baadaye.

Kuna tatizo lingine la mahali, na hili ni la Ileje hasa. Tunduma iko magharibi. Mji wa mpakani wenye foleni za malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, Zambia, una taa usiku kucha, na mwanga wake hupaka anga la chini upande uleule ambako kometi za jioni huzama. Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kuchagua mahali ambapo kilima chenyewe kinauficha mji lakini hakifiki digrii 5 kwa kimo. Upime kwa vidole vitatu vya mkono ulionyooshwa, ambavyo upana wake ni takriban digrii 5: kilima kikivizidi, sogea. Ya pili ni kuukubali mwanga wa mji uwe sehemu ya picha, ukanda wa dhahabu chini ya kometi, na kupunguza muda wa kufungua shata ili usiunguze picha. Ya pili inafaa zaidi, kwa sababu inasema picha ilipigwa wapi.

Kuhusu lenzi, historia ilishajibu swali mapema. Picha ya kwanza ya kometi inayojulikana ilipigwa Uingereza tarehe 27 Septemba 1858. William Usherwood, mpigapicha wa sura za watu, aliielekeza kometi ya Donati lenzi yake ya studio, pana kwa uwiano wa f/2.4, akaiacha wazi sekunde 7. Usiku uliofuata George Bond wa Harvard alijaribu kwa darubini kubwa yenye kioo cha inchi 15, kwa dakika 6, akapata sehemu ya katikati ya kichwa tu. Darubini ilikuza, lakini mwanga ilioupata iliutandaza juu ya eneo kubwa hadi ukawa hafifu mno. Mkia wa kometi ni kitu kipana na chenye mwanga mwembamba. Unataka lenzi fupi iliyofunguka sana, si ndefu yenye nguvu.

Somo hilohilo lilirudi barani Afrika miaka 24 baadaye. David Gill, mkuu wa kituo cha anga cha Rasi ya Tumaini Jema, alitaka picha za kometi kubwa ya Septemba 1882. Alimwita mpigapicha wa mtaani, wakaifunga kamera ya kawaida ya picha za sura juu ya darubini, na darubini ikawa mguu unaogeuka kufuata nyota. Kometi ilitoka vizuri. Kilichomshangaza Gill ni wingi wa nyota zilizojaa nyuma yake, na kutokana na mabamba hayo ya picha lilizaliwa wazo la kuorodhesha anga la kusini kwa picha, kazi iliyozaa orodha ya nyota zaidi ya 450,000.

Aliyeko Mbebe bila mashine ya kufuata nyota anarudi kwa Usherwood: lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo ni miongoni mwa zile za bei nafuu madukani, ikifungwa kidogo hadi f/2 au f/2.2. Swali linabaki ni sekunde ngapi. Wapigapicha wengi hukariri kanuni ya 500: gawanya 500 kwa urefu wa lenzi, upate sekunde. Kwa lenzi ya milimita 50 kanuni inatoa sekunde 10. Ni nyingi mno. Anga huzunguka kasi zaidi karibu na ikweta ya anga, na tarehe 15 Oktoba kometi ilikuwa digrii chache tu kutoka mstari huo. Kwa kamera ya fremu kamili yenye pikseli 6,000 kwa upande mrefu, sekunde 10 huburuta kila nyota pikseli 6, na kichwa cha kometi hugeuka punje ya mchele. Sekunde 3 huburuta pikseli 2 pungufu, jambo ambalo jicho halilioni. Kwa hiyo f/2, sekunde 3, ISO 1600, kisha tazama histogramu: kilima cha mwanga kikae theluthi ya kushoto. Anga likizidi kuwa jeusi, ongeza ISO, sekunde zisiguswe.

Sekunde 3 hazitoshi kuuleta mkia wote, ndiyo maana picha moja si picha. Piga 40 mfululizo, katika faili ghafi, ukitumia kipima muda ili kidole kisiitikise kamera. Zikiunganishwa kwa programu ya bure kama Siril, DeepSkyStacker au Sequator, zinakuwa sawa na dakika 2 za mwanga, na zile chengachenga zinazotia uchafu kwenye picha za usiku hupungua kama mara 6. Je, kometi haitakuwa imehama kati ya nyota? Imehama, lakini mwendo wake kati ya nyota wakati ule ulikuwa digrii chache kwa siku nzima. Ndani ya dakika 3 ni kama pikseli moja. Anayeunganisha picha za nusu saa nzima ndiye anayelazimika kuchagua afuate nyota au afuate kichwa. Ardhi, kwa upande wake, haizunguki na nyota: picha moja ya vilima iwekwe kando, iunganishwe mwishoni.

Simu je? Inaweza, na wala si kwa bahati. Kamera kuu ya simu huona eneo pana, kwa hiyo kila pikseli hubeba kipande kikubwa cha anga na mburuto hauonekani upesi. Hata sekunde 8 huvumilika. Mkia wa digrii 10 utachukua karibu sehemu ya saba ya urefu wa picha. Kinachoiangusha simu ni mkono. Mfuko mdogo wa maharage juu ya jiwe hushika simu kwa uthabiti kuliko stendi nyepesi ya plastiki inayotetemeka kwa upepo wa jioni, na maharage Ileje hayana haja ya kutafutwa. Fungua hali ya kitaalamu, weka fokasi kwenye alama ya mlima, ISO 800, sekunde 8, kipima muda sekunde 3.

Mwezi ulikuwa mgeni wa lazima. Ulikuwa ukamilike tarehe 17 Oktoba, kwa hiyo jioni ya tarehe 15 ulishajaa karibu wote na kusimama mashariki, mgongoni mwa mpigapicha. Wengi waliulalamikia. Ni kweli uliufuta mkia mwembamba wa mbali. Lakini pia uliangaza vilima, mapaa ya bati na migomba, kazi ambayo vinginevyo ingehitaji taa. Aliyetaka mkia mrefu alipaswa kungoja tarehe 19 au 20, mwezi ulipoanza kuchelewa kuchomoza na kuacha giza la kweli baada ya machweo. Kometi ilikuwa imefifia, lakini ilisimama juu zaidi, nje ya moshi. Tarehe 14 ilikuwa na zawadi yake yenyewe: dunia ilikuwa inakata bapa la njia ya kometi, na vumbi lililoachwa njiani likaonekana kwa ubavu kama sindano nyembamba inayoelekea chini, upande wa jua. Kamera ziliinasa vizuri.

Upangaji wa picha ulitegemea latitudo pia. Mkia huelekea upande ulio kinyume na jua. Picha za Ulaya za wiki hiyo zinauonyesha mkia umelala kuelekea kushoto, kwa kuwa huko jua huzama kwa mshazari. Mbebe, jua likiwa karibu chini ya kometi moja kwa moja, mkia ulipaswa kusimama karibu wima, ukiegemea kulia kidogo. Kamera basi iinuliwe wima. Fremu ya kulala ingejaza picha kwa anga tupu pande zote mbili.

Jua lenyewe, siku hizo za mwanzo, lilitaka tahadhari: asitafute mtu kwa darubini ya mkono kabla halijazama lote. Njia pekee ya asili ya kuondoa mng'ao wake mchana ni kupatwa kwa jua, na Afrika Mashariki iliwahi kuishuhudia. Tarehe 1 Novemba 1948 Nairobi ilikuwa ndani ya njia ya kivuli, na katika giza lile fupi ilionekana kometi angavu karibu na jua ambayo hakuna aliyeitangaza kabla.

Msimu hauwi na huruma kila mara. Kometi ATLAS ya Januari 2025, C/2024 G3, ilipita karibu na jua tarehe 13 mwezi huo na kuwa tamasha la jioni kwa watu wa kusini mwa dunia, lakini Januari Songwe ni katikati ya mvua. Kometi hiyo ilifanya jambo la ajabu: siku chache baadaye kichwa chake kilivunjika, na waliokuwa na anga safi huko Chile na Australia wakapiga picha za mkia mpana usio na kichwa. Kometi McNaught, mwaka 2007, nayo iliwaonyesha watu wa kaskazini mwa dunia michirizi ya mkia wake ikipanda kutoka kwenye upeo wakati kichwa chake hakikuonekana kwao kabisa.

Kwa sababu hiyo asiyekunja stendi saa 2 na nusu alikuwa na la kufanya bado. Kichwa cha Tsuchinshan–ATLAS kiliposhuka nyuma ya vilima vya magharibi, mkia wake wa digrii 10 na zaidi, uliosimama wima, ulikuwa na dakika 40 za kuzama kipande kwa kipande. Fokasi ilikuwa tayari, fremu ilikuwa tayari. Kilichohitajika ni kuongeza ISO hadi 3200, kushusha kamera kidogo, na kuendelea kupiga kuelekea ule ukanda wa mwanga upande wa Tunduma.